Haidromita ya Bwana Lakiri

Kwa miaka thelathini na mmoja, mwanamume ambaye soko zima lilimwita Bwana Lakiri alilipwa mshahara kwa kuwaharibia watu siku. Alikuwa mkaguzi wa mizani. Aliingia buchani bila kubisha, akafungua mkoba wake wa mawe ya shaba, akaweka jiwe la kilo moja juu ya mizani ya mtu, akainama mpaka pua ikakaribia sahani, kisha akanyamaza. Kunyamaza kwake ndiko kulikoogopwa. Mizani ikiwa sawa, aliigonga muhuri na kwenda zake. Ikikosea hata kwa uzito wa punje ya mahindi, aliifunga waya, akadondoshea lakiri nyekundu, akamwacha mwenye bucha anatazamana na nyama yake. Siku aliyostaafu, wauza nyama walimchangia saa ya ukutani, na mmoja wao alikiri kwamba hajawahi kuchangia kitu kwa moyo mweupe namna ile.

Wenzake wa ofisini walijitahidi zaidi. Walipekua stoo, wakatoa kitu ambacho hakuna aliyejua kinafanya nini, wakakifunga kwa karatasi yenye maua. Ilikuwa haidromita: kijiti cha glasi, tumbo zito chini, shingo nyembamba juu, na ndani ya shingo kikaratasi chenye namba. Kwenye maji matupu huzama mpaka namba elfu moja. Maji yakiwa na sukari huisukuma juu, na wewe unasoma namba kubwa zaidi. Wapika bia huitumia kujua sukari ni kiasi gani kabla hamira haijaanza kuila, na imebaki kiasi gani hamira ikishashiba.

Njiani kurudi nyumbani boksi lilimponyoka akiwa anashuka kwenye teksi, likagonga ukingo wa barabara. Alilifungua pale pale, akaigeuza glasi kwenye jua. Haikuwa na ufa. Akashukuru, akaendelea.

Bwana Lakiri hakuwa mnywaji. Bia aliijua kama anavyomjua jirani wa mtaa wa pili, kwa salamu tu. Lakini miezi mitatu ya kukaa nyumbani ilikuwa imemtesa yeye, na ilikuwa imemtesa mkewe mara mbili. Mkewe alikuwa mshonaji, kazi yake akiifanyia katika chumba cha mbele, na kila akiinua kichwa alimkuta mumewe amesimama anapima kitu. Alipima mkate. Alihesabu birika linachukua dakika ngapi kuchemka. Siku moja akaichukua tepu ya mkewe, akailinganisha na rula yake ya chuma, akatangaza kwamba imevutika kwa nusu sentimita na haifai kwa matumizi ya umma.

"Umma upi?" mkewe akauliza, pini nne mdomoni.

"Wateja wako."

"Wateja wangu wananenepa kuliko hiyo nusu sentimita kati ya kupimwa na kuja kuchukua nguo. Baba watoto, nakuomba, tafuta kitu ufanye."

Basi akatafuta. Alikuwa na haidromita, na haidromita inataka bia. Wengine hutengeneza bia ili wanywe. Yeye aliamua kuitengeneza ili apate cha kupima.

Alijitwalia chumba kidogo nyuma ya jiko. Alipaka rangi nyeupe, akagongomea ubao mkubwa ukutani, na kwenye ubao akachora kwa kalamu ya wino mzito umbo la kila kifaa mahali pake: kijiko kirefu, chujio, mpira wa kunyonyea, kipimajoto, mashine ya kubana vizibo. Kifaa kikitoka, umbo lake lilibaki pale linakutazama kama marehemu. Ndoo zilikuwa mbili, moja imeandikwa SAFI na nyingine BADO. Kila kitu kililowekwa kwenye dawa ya kuua vijidudu kwa dakika kumi kamili, si kumi na moja. Mlangoni palining'inia daftari la kuazima vifaa, na hapo mkewe alitakiwa kusaini kila alipohitaji sufuria kubwa, sufuria ambayo alikuja nayo yeye mwenyewe alipoolewa.

"Nisaini kuchukua sufuria yangu?"

"Ndiyo utaratibu."

Alisaini. Kwenye safu ya sababu aliandika: kupika, usije ukafa njaa.

Jumamosi ya kwanza Bwana Lakiri alichemsha kimea kwa saa nzima, akatia maua makavu ya kuleta uchungu, akapoza, akamimina kiasi kwenye mrija mrefu wa glasi na kuitumbukiza haidromita. Akainama. Akanyamaza. Kitabu cha kutengeneza bia kilisema elfu moja na hamsini. Haidromita ilisema elfu moja na arobaini.

Mtu mwingine angejiuliza maswali mawili matatu. Bwana Lakiri alijiuliza moja tu, nani kamwibia. Jioni hiyo hiyo alimwandikia muuza kimea barua ya kurasa mbili, yenye vifungu na vifungu vidogo, akimweleza kwamba kimea chake ni hafifu na kwamba angekuwa bado kazini wangeonana ana kwa ana. Kisha akaongeza sukari kidogo kidogo mpaka namba ikafika elfu moja na hamsini, akatia hamira, akafunika ndoo kwa mfuniko wenye kijibomba cha kutolea hewa.

Hamira haisomi barua. Ilianza kazi usiku ule, na kwa siku nane kijibomba kikawa kinasema blup, blup, blup. Siku ya tisa Bwana Lakiri alipima tena. Elfu moja na kumi, sawasawa na kitabu. Kitabu kilishauri pia kupima siku mbili mfululizo ili kuhakikisha namba haishuki tena. Yeye, mtu makini, alipima mara tatu. Alipima mara zote tatu ndani ya dakika tano, na akafurahishwa sana na jinsi majibu yalivyolingana.

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, anasikiliza.

"Hiyo ndoo bado inaongea."

"Imeshamaliza."

"Imeshamaliza na inaongea?"

"Mama watoto, kuna sikio na kuna kipimo. Serikali haikunipa sikio."

"Sawa," mkewe akasema. "Mimi nimekwambia."

Walijaza chupa arobaini, kila moja na nusu kijiko cha sukari ya kuleta povu, kama kitabu kilivyoagiza. Zilihitaji kukaa wiki mbili mahali penye joto lisilopanda wala kushuka. Bwana Lakiri alizunguka nyumba nzima na kipimajoto chake, na kwa bahati njema ya wote, mahali bora kabisa palikuwa chini ya rafu ya nguo za wateja, katika chumba cha kushonea.

Alhamisi ya wiki iliyofuata, saa tano asubuhi, mwalimu mkuu wa shule ya jirani alikuja kujaribu suti yake. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti iliyozoea uwanja wa paredi. Alikuwa amesimama juu ya stuli, mkono mmoja ndani ya koti, mwingine nje, mke wa Bwana Lakiri amepiga magoti anabana pindo la sketi, wakati chupa ya kwanza ilipolipuka.

Ya pili haikusubiri. Ya tatu na ya nne zilikwenda pamoja. Mwalimu mkuu, ambaye kwa miaka ishirini alikuwa amewafundisha watoto kutembea bila kukimbia wakati wa hatari, alionekana chini ya meza ya kukatia kabla stuli haijaanguka. Mshonaji akamfuata. Povu lilipanda mpaka kwenye rafu, likalowesha nguo kumi na moja, likachuruzika ukutani. Vipande vya glasi vilijichomeka kwenye kiroba cha mabaki ya vitambaa, na ni hicho kiroba kilichowakinga wanawake wale wawili.

Bwana Lakiri alikuja mbio, akasimama mlangoni.

"Chupa mbovu!" akasema.

"Hujambo na wewe," mkewe akajibu kutoka chini ya meza.

Walitoka kwa kutambaa. Kwa kuwa chupa zilizobaki zilikuwa zaidi ya thelathini na hakuna aliyejua ni ipi ina hasira, mshonaji alimpigia simu kaka yake, fundi wa kuchomelea vyuma mwenye karakana nyuma ya mtaa. Shemeji alikuja amevaa kinyago cha kuchomelea, glavu za ngozi mpaka viwikoni na aproni. Aliingia peke yake, akatandaza blanketi zito lililoloweshwa maji juu ya chupa, akawa anapitisha mkono chini yake na kufungua moja moja. Pshhh. Pshhh. Kila chupa ilitema povu kama mtu aliyesingiziwa.

Wengine walingoja uani. Mwalimu mkuu alikuwa bado na koti la mkono mmoja, nywele zinanuka bia, na akili yake imesharudi.

"Hii bia ilikuwa haijamaliza kuchacha," akasema. "Ulipima?"

"Mara tatu," Bwana Lakiri akasema. "Elfu moja na kumi."

"Na hicho kipimo, umewahi kukiweka kwenye maji matupu?"

Bwana Lakiri akanyamaza. Safari hii kunyamaza kwake hakukumwogopesha mtu.

"Nimefundisha fizikia kabla ya kupewa ofisi," mwalimu mkuu akaendelea, taratibu, kama anayezungumza na wanafunzi wa viti vya nyuma. "Kilete."

Akakileta. Wakajaza mrija maji ya bomba. Haidromita ilizama, ikayumba, ikatulia kwenye mia tisa na tisini.

"Maji yetu yana shida," Bwana Lakiri akasema.

Shemeji alikuwa amemaliza, kinyago amekipandisha juu ya paji la uso. Alikwenda karakana, akarudi na kidumu cha maji ya betri, yale yaliyosafishwa mpaka hayana kitu ndani. Wakamimina. Mia tisa na tisini.

"Na haya yana shida?" shemeji akauliza, kwa adabu zote.

Mwalimu mkuu aliinua glasi kwenye jua. Ndani ya shingo, kikaratasi cha namba kilikuwa kimebanduka gundi na kuteleza chini, kiasi cha upana wa kucha. Kila namba aliyosoma Bwana Lakiri ilikuwa pungufu kwa kumi. Kimea kilikuwa sawa tangu mwanzo. Sukari aliyoongeza haikuhitajika. Bia aliyoitia chupani kwa uhakika wa serikali ilikuwa na sukari ya kutosha kulipua nyumba ya jirani pia.

Alikaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma. Hakuna aliyemcheka, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. Alimkumbuka mama mmoja muuza samaki, miaka mingi nyuma, aliyemwambia, "Baba, hebu kwanza jaribu na mawe mengine." Hakujaribu. Wakati ule aliliona swali hilo kuwa utovu wa nidhamu. Sasa hakujua kama mizani ya mama yule ilikuwa mbovu au la, na hapakuwa na njia ya kujua. Aliligeuza jambo hilo kichwani mpaka jua likahama ngazini.

Nguo kumi na moja alizifua yeye kwa mikono, mkewe amesimama pembeni anamwonyesha wapi asisugue. Akamwandikia muuza kimea barua nyingine. Hii haikuwa na vifungu. Ilikuwa na mistari minne, na alichukua asubuhi nzima kuiandika. Muuza kimea alijibu kwamba ile ya kwanza ameibandika dukani, wateja wanaipenda.

Siku ya tatu, katikati ya kutunga uzi kwenye sindano, mshonaji alianza kucheka. Alicheka mpaka akainamia cherehani. Bwana Lakiri alitoka chumba cha nyuma, akamtazama, na midomo yake ikasogea kidogo upande mmoja, jambo ambalo watoto wao wakubwa wangelipigia picha.

Alinunua haidromita nyingine. Shemeji alimtengenezea kizimba cha bati na nondo uani, mbali na binadamu. Bia ya pili ilipofika siku ya tisa alipima, akapima kesho yake, akapima keshokutwa, na namba ilipogoma kushuka akamwita mkewe asikilize ndoo kabla ya kugusa chupa hata moja.

Mkewe aliweka sikio. "Imenyamaza," akasema.

Chupa zilikaa wiki mbili bila kumtisha mtu. Sita alipelekewa mwalimu mkuu, ambaye alizipokea kwa mkono ulionyooshwa mbali na mwili. Jumapili alasiri mshonaji alimiminiwa glasi yake ya kwanza. Akanywa funda, akatulia, akanywa tena mpaka nusu. Mumewe alikuwa tayari ameketi mbele yake na kalamu.

"Uchungu ukoje, kati ya moja na kumi?"

"Baba watoto."

"Naam."

"Weka kalamu chini, unywe."

Bwana Lakiri alijimiminia robo glasi. Akakunja uso, akameza, akasema si mbaya sana, na mkewe akamwongezea.