Mteremko wa Akina Mama

Jirani wanachimba msingi, na harufu ya udongo mwekundu inanirudisha kwenye ngazi za darasa la kwanza, Kibondo.

"Mama, ngazi hizi hataziweza," mwalimu mkuu alisema, akikitazama kiti changu cha magurudumu. "Mrudishe nyumbani."

Kesho yake mama alikuja na wenzake wa kikundi, wote wazazi wa watoto wenye ulemavu. Kikundi hakikuwa na ofisi wala muhuri, ila kila mmoja alikuwa na jembe begani.

"Mwalimu, tumekuja kuzifukia ngazi zako," mama alisema.

Wakazifukia na kushindilia udongo kwa miguu. Lakini mikono yao ilizoea matuta ya viazi, basi mteremko ukasimama kama tuta. Nilipojaribu kupanda, nikaserereka kinyumenyume. Watoto wakacheka madirishani.

"Chekeni, sisi tunaurefusha!" mama akawajibu.

Wakaurefusha hadi ndani ya uwanja wa mpira.

"Sasa hawa watacheza wapi?" mwalimu akalalamika.

"Upande ule. Mwanangu ameutazama uwanja huu miaka miwili kutoka barabarani."

Nikapanda kwa mikono yangu mwenyewe, nikafika mlangoni nikihema.

"Shikamoo, Mwalimu. Nafasi yangu ni ipi?"