Mkono wa Kushoto wa Yakobo

Naikumbuka vizuri siku ile, mwanangu, maana ndiyo siku niliyomdanganya kipofu mchana kweupe, tena babu yangu mzazi.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zimeachiwa huru na maduka ya Dodoma yameanza kujaa vitu tena. Babu alikuwa na shamba la mizabibu Makutupora. Alikuwa ametutangazia kwamba Jumapili baada ya ibada atamwekea mkono wa baraka mmoja wetu, mimi au kaka yangu Danieli, na huyo ndiye atakayelichukua. Danieli mkubwa, lakini alishakimbilia Kibaigwa kupakia mahindi kwenye malori. Mimi nimepogolea ile mizabibu misimu mitano! Ningekubali vipi?

Jumapili Danieli akaja na zawadi, kalenda ya duka la vitambaa. Juu yake palikuwa na picha ya zamani ya Wazungu, Yakobo kitandani akiwabariki wana wa Yusufu.

"Neema," Babu akasema alipotajiwa picha hiyo, "nisomee."

Nikaona bahati imeniangukia.

"Mzee amempa mdogo mkono wa kulia, Babu. Mkubwa amekaa pembeni anatazama tu."

"Na wa kushoto uko wapi?"

Weee! Ulikuwa wazi kabisa, juu ya kichwa cha mkubwa.

"Hauonekani. Kuna kivuli."

Babu akacheka mpaka akakohoa. "Nimefundisha kitabu cha Mwanzo kanisani miaka mingi kabla macho hayajaniacha. Mkono huo uko kwa Manase, yule mkubwa. Una macho mawili, mjukuu wangu, umeniletea nusu ya picha."

Nilidhani Danieli atanizomea. Wapi! Akasema taratibu, "Babu, mpe yeye. Mimi hata kupogolea sijui."

Hapo ndipo nilipolia, mwanangu. Niliona aibu mbaya. Nikamvuta Danieli tukapiga magoti pamoja, nikaushika mkono wa kushoto wa Babu nikauweka mwenyewe kichwani kwa kaka yangu. Wa kulia Babu akauleta kwangu bila kuelekezwa, na shamba likawa letu sote wawili.

Msimu ule wanunuzi tuliowazoea hawakutokea, na zabibu zilikuwa zimeiva. Wenzetu wakaanza kukata tamaa. Danieli akaja na lori kutoka Kibaigwa, tukapakia zetu na za majirani, nami nikakaa mbele na dereva kwenda kuziuza. Vigelegele vya siku ile, jamani! Babu alisimama barabarani akipunga mikono yote miwili.

Kwa hiyo nisikilize. Ukiulizwa habari ya jambo unalolitaka sana, anza kusema haki ya mwenzio, halafu ndipo useme yako. Usimfiche ndugu yako kivulini ili wewe uonekane.

Mungu akupe macho ya kuiona picha nzima. Na siku ya kugawiwa, mkono ukukute umepiga magoti na ndugu yako.