Bibi Alivyopanda Kilima cha Kanisa

Mwaka jana nilirudi kijijini kwetu Litembo msimu wa kukoboa kahawa. Nilipovuka kijito nikakutana na ile harufu ya maganda mabichi yanayochacha, tamu, yenye ukali kidogo puani. Basi, ndugu yangu, nikasimama pale pale nikimkumbuka Bibi.

Nilikulia kwake, miaka ile soko huria lilipoingia kwetu, magari ya wanunuzi binafsi yakipanda milima kwa kunguruma na mitumba ikining'inia kila gulio. Watu walikuwa na haraka mpya. Bibi hakuwa nayo, kwa sababu pumzi hazikumtosha. Kuni mbichi na jiko lisilo na dirisha, mwaka baada ya mwaka, vilikuwa vimemharibu mapafu. Mwanamke aliyekuwa akichimba ngolo, yale mashimo yetu ya kulimia miteremkoni, sasa alishindwa hata na ndoo ya maji.

Daktari wa hospitali ya misheni hakumficha. Mapafu yasingerudi kama zamani. "Lakini usikae tu, Mama," alimwambia. "Ukikaa, na miguu itakufa. Tembea kidogo kidogo, kaa mbali na moshi, na pumzi uitoe taratibu, kama unapuliza uji wa moto."

Bibi aliporudi nyumbani, alikaa. Aliona haya kuhema mbele za watu. Hata kanisani akaacha kwenda.

"Nimekuwa mzigo," alimwambia jirani yetu, mjane mwenye sauti ya kuvuka bonde.

"Mzigo hubebwa, Mama," jirani akajibu. "Wewe utatembea."

Akawakusanya akina mama wa jumuiya yetu. Mjomba akatoboa dirisha jikoni, shangazi akashika mwiko, na Bibi akawekewa kigoda nje, karibu na vichanja vya kuanikia kahawa. Pale alichambua maharage, akachagua kahawa, akatuamuru sote. Maji akaletewa. Lakini kila asubuhi, umande ukishakauka, mmoja wa wale mama alifika: "Shikamoo Mama, twende." Mwanzoni waliishia kwenye migomba nyuma ya nyumba. Baadaye kijitoni. Baadaye ng'ambo. Wakirudi walikaanga usipa, dagaa wetu waliopandishwa kutoka ziwani, wakala kwa ugali, na kicheko cha Bibi kikaanza kusikika tena, kifupi, kilichokatika katikati.

Ikafika Komunyo yangu ya kwanza. Kanisa lilikuwa juu kilimani, na mjomba akataka Bibi abebwe kwa machela.

"Kwa machela nitakwenda siku nisiyojijua," Bibi akasema. "Siku hii najijua."

Sisi watoto tulitangulia, Bibi akabaki aje na wale mama. Nilikaa benchi la mbele na gauni langu jeupe la mtumba, nikigeuka kila mara kutazama mlango. Masomo yakasomwa. Padri akaanza kuhubiri. Katekista akanigusa bega nitazame mbele. Nilijua wamemrudisha nyumbani.

Ndipo nikasikia wimbo nje, ukija polepole. Jirani alinisimulia baadaye kwamba kila Bibi alipoishiwa pumzi walisimama wote wakaimba ubeti mmoja, na waliowapita njiani wakadhani ni maandamano ya sikukuu. Bibi mwenyewe hakuimba. Alikuwa akipuliza uji wake wa moto.

Akaingia na fimbo yake, midomo imebana, macho makavu. Padri alinyamaza akamsubiri mpaka akaketi. Kisha mtu mmoja nyuma akapiga kigelegele, na kanisa zima likaitikia.

Baada ya Misa nilimkimbilia nikilia. "Umechelewa, Bibi."

"Nimefika," akasema.

Aliendelea kupanda kile kilima Jumapili nyingi, na viazi vyake vitamu alivilima mwenyewe, ameketi, mpaka alipotutoka miaka mingi baadaye. Leo lile jiko limeanguka, na wengi wa wale mama wamelala makaburini pamoja naye. Wagonjwa wanapandishwa kwa bodaboda, na nashukuru. Ila njia ile ya miguu imeota nyasi, na sijaona tena kundi zima likisimama kwa sababu mmoja wao amechoka. Mimi niliwaona, ndugu yangu. Niliwaona wakiingia mlangoni, khanga zimejaa vumbi, vichwa juu, na Bibi yetu akiwa mbele.