Punje ya Mgonjwa wa Tatu

Hospitalini walimwita Mama Tiktik, kwa sababu ya kipima mionzi alichokitundika begani kama mkoba wa sokoni, kikilia tik, tik kila apitapo. Kwa miaka ishirini na sita kazi yake ilikuwa moja: kujua zilipo punje. Ni vipande vya chuma chenye mionzi, vidogo kuliko punje ya mchele. Daktari huingiza punje moja kwa sindano ndani ya uvimbe wa titi, ili kesho yake mpasuaji ajue pa kukata. Nyama ikitoka, punje hutoka nayo. Mama Tiktik huipima nyama hiyo palepale. Kipimo kikilia kwa kasi, anatia sahihi: imetoka.

Ndivyo ilivyotakiwa. Lakini chumba cha upasuaji kiko ghorofa ya tatu, lifti ni mgonjwa wa siku nyingi, na magoti yake yalikuwa yamechoka kumbeba. Mwaka huu alianza kutia sahihi zote asubuhi, kabla ya kisu. Punje hazikuwahi kumwangusha.

Alhamisi saa nane mchana mtu wa maabara alipiga simu.

"Shikamoo mama. Nyama ya mgonjwa wa tatu haina kitu. Nimeikatakata kama kitunguu."

"Marahaba. Tafuta tena."

"Nimetafuta, mama. Na wewe umeandika imetoka. Sasa si watasema nimeipoteza mimi?"

Angeweza kunyamaza; neno lake lilikuwa zito kuliko la mtu wa maabara. Aliitazama sahihi yake, akajitwika kipimo na kuzipanda ngazi.

"Mama Tiktik, leo kimepotea nini, au ni mzee wa nyumbani?" msukuma machela alimtania.

"Huyo akipotea simtafuti," alijibu, bila kucheka.

Mgonjwa wa tatu, mshonaji nguo wa makamo, alikuwa wodini ameshavaa viatu, akisubiri kuruhusiwa.

"Dada, nipe dakika moja." Alikisogeza kipimo juu ya bandeji. Tik. Tiktik. Tiktiktiktik.

"Kwani humo bado kuna mtu?" mshonaji aliuliza, akicheka nusunusu.

"Punje bado imo, dada. Na uvimbe umekaa nayo. Ningeipima nyama palepale mezani, mpasuaji angejua amekata pembeni, asingekushona. Sikupanda. Niliandika imetoka nikiwa kule chini, nakunywa chai."

Mshonaji alivua kiatu kimoja, kisha cha pili, akavipanga chini ya kitanda.

"Mama yangu nimeshamwambia uvimbe umetoka," alisema. "Alilia kwa furaha mpaka nikakata simu."

"Nakwenda kumwambia mpasuaji sasa hivi."

"Mpasuaji atangoja." Alimpa simu yake. "Anza na huyu. Mimi sina sauti ya kulisema hilo."

Simu iliita mara moja tu.

"Haloo, mwanangu! Umeshafika nyumbani?"

Mama Tiktik alikaa ukingoni mwa kitanda. "Shikamoo, mama," alisema. "Si mwanao. Ni mimi niliyeandika."