Mkono Wangu wa Kushoto na Mkono wa Kulia wa Baba

Kwanza mniwie radhi kwa mwandiko wangu. Niliishia darasa la nane, na hata huko mwalimu wa Kiswahili alikuwa akiniuliza kama nimeandika kwa kijiti. Maneno mengine nayaandika vile ninavyoyasikia, kwa hiyo mkikuta herufi imeruka au imezidi, mnivumilie. Naandika polepole, nakata, naanza tena. Lakini kusema mbele ya watu kunanishinda zaidi kuliko kuandika, na habari hii ya gitaa nimetaka kuieleza tangu mwaka jana.

Tunaishi Bondeni, vyumba viwili vya kupanga katika nyumba ya Kiswahili, na uani tunashirikiana na wapangaji wengine. Wazazi wangu walikuja mjini kutoka Rabai kabla sijazaliwa. Baba alikuwa mpiga gitaa wa mahotelini. Jioni aliwapigia wageni, Jumapili alipiga kanisani, na mchana alilala, nasi tukaambiwa tucheze mbali. Dada yangu mkubwa alipokuwa mdogo, baba alimtungia wimbo mfupi wa mtoto anayekataa kulala mpaka aambiwe kesho kutapikwa nini. Akamwahidi kwamba siku ya harusi yake ataupiga mbele ya wakwe, ili wajue wamechukua mtu wa aina gani. Ahadi hiyo sote tuliijua. Dada alikuwa akimkumbusha kila mwaka, kwa mzaha, na baba alikuwa akijibu, "Wewe lete mume, wimbo upo."

Mwaka juzi baba akapooza upande wa kushoto. Mdomo ulipinda kidogo kisha ukarudi. Mguu ulirudi nusu, anatembea kwa fimbo. Mkono haukurudi. Vidole vimejikunja, na ukivikunjua vinajikunja tena. Gitaa likatundikwa ukutani, na yeye mwenyewe ndiye aliyeagiza ligeuzwe, nyuzi zitazame ukuta.

Posa ya dada ilipokuja, harusi ikapangwa iwe baada ya Pasaka. Hakuna aliyetaja wimbo. Halafu siku moja tukiwa tunakula, dada akasema kwa nia njema kabisa, "Baba, usijisumbue na mambo ya muziki. Ndugu mmoja wa mchumba wangu ana spika kubwa, ataleta."

Baba akasema, "Sawa." Kisha akasukuma sahani. Ulikuwa wali wa nazi na samaki wa kupaka, na baba yangu si mtu wa kuuacha wali wa nazi.

Sisemi kitu mara nyingi. Lakini kesho yake niliporudi kazini nilishusha lile gitaa, nikalifuta vumbi, nikaenda nalo uani nyuma ya mapipa ya maji. Nilikuwa nimemtazama baba akipiga tangu utotoni, nikadhani macho yangu yamejifunza. Nikakumbuka vidole vyake vinavyokaa kwa ile kodi ya kwanza, yaani zile nyuzi kadhaa zinazobanwa pamoja zilie kwa pamoja. Nikaviweka vyangu hivyo hivyo, nikapiga. Ikatoka sauti ya nzi aliyefungiwa kwenye chupa. Nikabana zaidi. Nzi wakawa wawili.

Dirishani ikaja sauti ya baba: "Nani anateswa huko uani?"

Nikainama nyuma ya mapipa.

"Nauliza, nani anamtesa mwenzake? Leta hilo gitaa hapa."

Nilidhani atalitundika tena. Alinitazama, akatazama gitaa, akauliza nataka nini. Nikamwambia, kwa maneno machache nilivyoweza, kwamba mkono wake wa kulia ni mzima na wangu wa kushoto ni mzima. Akavitazama vidole vyake vilivyojikunja. Mwishowe akasema, "Kaa kushoto kwangu. Karibu. Wewe si mgeni."

Gitaa likawa juu ya paja lake, shingo ya gitaa ikapita mbele yangu. Mimi nabana nyuzi, yeye anapiga. Kwa kusema ni rahisi.

Siku za mwanzo zilikuwa mbaya. Baba alikuwa akisema, "Sogea," nami nasogea. "Si huko!" Narudi. "Bana!" Nabana mpaka mkono unatetemeka begani. Bado nyuzi zinakwaruza, nyingine zinakufa kabisa, zinatoa tu mlio wa kugonga mbao. Baba alikuwa anafumba macho kama aliyetafuna mchanga kwenye wali. Ncha za vidole vyangu zikapata mifereji, kisha malengelenge, kisha malengelenge yakapasuka.

Na kazi yangu ni ya viungo. Niko duka moja karibu na marikiti ya Mji wa Kale, napima na kufunga bizari, iliki, mdalasini na pilipili ya kusaga. Nadhani mmeshaelewa. Pilipili inajua kutafuta mahali palipopasuka. Kuna siku nilifunga pakiti huku machozi yananitoka, na mteja mmoja mama akaniambia pole, ni nani amefariki.

Mwenye nyumba wetu ni bibi wa Kimvita, mtu mzima, mwenye sauti ya amri. Aliniona nikiloweka mkono kwenye ndoo ya maji.

"Ndoo, mwanangu," akaniita, maana kwao njoo ni ndoo. "Nipa hivyo vyanda nivione." Akavishika vidole vyangu, akavigeuza. "Gitaa hilo lapigwa au latafunwa?"

Nikacheka kidogo.

"Wanangu walipokuwa wakichukua magunia bandarini, nyayo zikiwapasuka nikiwatia hina. Ngozi yapoa, yawa ngumu. N'takutia."

Mtu mwenye kusema angesema hapana. Hina kwa mwanamume huku kwetu mjini ni ya bwana harusi, kila mtu anajua hivyo. Nilijua nami. Lakini bibi alishaanza kuikoroga kwenye kibakuli, akitia na ndimu, na mimi kumkatalia mtu mzima aliyekwisha kukoroga kitu sikuweza. Akanitia kwenye ncha nne za mkono wa kushoto, akazifunga kwa vipande vya mfuko. Asubuhi nilipofungua, ncha zilikuwa nyekundu za kuiva, nzuri kwa kweli, na maumivu yalikuwa yamepoa.

Dukani nilificha mkono mfukoni. Lakini huwezi kufunga bizari kwa mkono mmoja.

"Hebu, hebu, hebu," akasema mwenzangu wa mizani. "Ndugu zangu, njooni! Huyu asiyesema, kumbe kimya chake kina kazi!"

"Lini, bwana harusi?"

"Na kwa nini mkono mmoja? Umeoa nusu?"

"Mwacheni, mahari ilitosha mkono mmoja tu."

Muuza kahawa aliyekuwa akipita akagonga vikombe vyake kwa furaha. Mama mmoja mteja wetu wa kila siku akapiga kigelegele pale pale, katikati ya magunia ya pilipili, akanitakia watoto wema. Nilifungua mdomo nieleze kuhusu gitaa, nyuzi, baba na bibi, nikaona maelezo ni marefu mno. Nikafunga mdomo. Wakaona ni haya ya bwana harusi, wakazidi.

Mjini kwetu habari huenda mbio. Nilipofika nyumbani jioni mama alikuwa amesimama mlangoni, leso kaifunga kiunoni.

"Mwanamke ni wa nani?"

"Mama..."

"Usiniambie mama! Nimeambiwa na watu wawili, mmoja wa Mwembe Tayari! Dada yako anaolewa mwezi ujao, nyumba haina hata pumzi, na wewe unajitia hina kwa siri? Kwao wapi?"

Nikaonyesha mkono. Nikasema, "Ni ya gitaa."

Mama akanitazama kama niliyesema kwa Kichina. Ndipo kutoka chumbani tukasikia kitu ambacho hatukuwa tumekisikia tangu baba augue. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akakohoa, mama akakimbia kumletea maji, naye anayasukuma maji na kuendelea kucheka. "Ameoa gitaa," akasema. "Ameoa gitaa, na hata hajui pa kulishika."

Aliponyamaza akaniita niketi. Akashika mkono wangu kwa mkono wake mzima, akazitazama zile ncha nyekundu kwa muda mrefu. Hina ilikuwa imemwonyesha jambo. Alama nyingi za nyuzi hazikuwa kwenye ncha zenye rangi. Zilikuwa chini yake, kwenye nyama laini, pale ninapolaza kidole.

"Unalaza vidole," akasema. "Kila siku nakwambia sogea, sogea, kumbe hata mimi sikujua nataka usogee vipi. Mkono ndio uliokuwa unajua hizi kazi. Mimi sikuwahi kuziwekea maneno."

Tukaanza upya, na safari hii hakuamuru. Alivishika vidole vyangu kimoja kimoja akavisimamisha. Nilikuwa nabana katikati ya vile vyuma vyembamba vilivyolazwa kwenye shingo ya gitaa. Akakivuta kidole mpaka kikawa nyuma tu ya chuma, kinakaribia kukigusa bila kukipanda. Dole gumba nilikuwa nimelikunja kama ninayeshika jembe. Akalishusha likae nyuma ya shingo, katikati. Kisha akaniambia jambo ambalo lingeniokolea ngozi nyingi: "Weka kidole bila kubana. Mimi nitapiga uzi. Wewe zidisha nguvu kidogo kidogo, mpaka sauti iwe safi. Ikishakuwa safi, simama hapo hapo. Usiongeze hata chembe."

Akapiga. Uzi ulikuwa bubu, kisha ukakwaruza, kisha ukalia safi. Nilishangaa. Nguvu niliyotumia ilikuwa ndogo, ya kushika yai. Nguvu nyingine yote niliyokuwa nikiimwaga ilikuwa ya bure.

Tuligundua na mengine. Kucha zangu zilikuwa ndefu, nikazikata mpaka nyamani. Nyuzi zilikuwa juu sana ya vyuma, maana gitaa lilikaa kwenye unyevu mwaka mzima. Tukakitoa kile kipande cha mfupa kinachozibeba nyuzi, nikakisugua chini kwa msasa, kidogo, najaribu, tena kidogo. Na baba akanikataza kuendelea kidole kikianza kuchoma. Tunapiga kidogo asubuhi kabla sijatoka, kidogo jioni, basi.

Ikabaki kodi moja. Katika wimbo wa dada, pale mtoto anapojibiwa kesho kutapikwa nini, kidole cha shahada kinalala juu ya nyuzi zote, na vingine vitatu vinasimama mbele yake. Vidole vyangu ni vifupi. Kila tulipofika pale, nzi anarudi. Baba alisema nikigeuze kidole kidogo ubavu, upande wa mfupa, nisitumie nyama laini ya mbele. Ikasaidia. Siku nyingine ilitoka safi, siku nyingine haikutoka. Harusi ikafika mambo yako hivyo.

Sherehe ilikuwa kwenye uwanja wa kanisa, chini ya turubai. Watu wa kwa shemeji walikuwa wengi, wamevaa sare. Baba alipoitwa, nilimwegemeza begani, nikabeba fimbo na gitaa, nikamkalisha. Mimi nikakaa kushoto kwake. Nilimsikia mtu nyuma akiuliza, "Sasa kati yao mpigaji ni yupi?" Mikono yangu ilikuwa imelowa jasho. Niliifuta kwenye suruali mara nyingi. Sikuweza kumtazama mtu yeyote, nikawa nautazama mkono wa baba wa kulia.

Nadhani aliona. Aliinama akaninong'oneza, "Pale pagumu tuparuke. Nitapiga sauti moja tu ya chini, wewe pumzika. Hakuna atakayejua."

Baba ambaye alikuwa akifumba macho kwa uzi mmoja kukwaruza, ndiye aliyesema hivyo. Nilielewa kwamba ananihurumia, na kwamba yuko tayari kuutoa wimbo wake ukiwa na pengo ili mimi nisiaibike.

Nikasema, "La, baba. Dada anapajua pale."

Akanitazama. Akaanza.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Sauti yake imekuwa nzito tangu augue, lakini maneno yalisikika. Mtoto akakataa kulala. Mtoto akauliza kesho kutapikwa nini. Nikakilaza kidole kwa ubavu, nikasimamisha vingine, baba akapiga. Nyuzi tano zililia safi. Mmoja, ule mwembamba wa chini, ulikwaruza. Niliusikia wazi.

Dada yangu alikuwa ameshika mdomo kwa mikono miwili. Kisha akaitoa mikono, akauimba ule mstari wa jibu yeye mwenyewe, kwa sauti kubwa, kutoka pale alipoketi na bwana wake: muhogo wa nazi. Wakwe wakacheka, wakapiga makofi. Baba hakufumba macho. Alikuwa anamtazama dada, na mkono wake wa kulia haukusimama.

Tulipomaliza niliinuka nilichukue gitaa, watu waanze kula. Baba akalishika. "Keti," akasema. "Tena. Na safari hii bana vizuri ule mwembamba." Tukapiga tena, huku sahani za pilau zikipita juu ya vichwa vyetu.

Siku hizi gitaa halitazami ukuta. Kila Jumapili baada ya ibada baba ananiita, na kila Jumapili anakumbuka wimbo mwingine, na nyimbo zake za zamani zimejaa kodi za kulaza kidole. Uzi ule mwembamba bado unanisumbua, na kifundo cha mkono kinachoka kabla wimbo haujaisha. Kama kuna msomaji mwenye vidole vifupi aliyepata njia, naomba aniandikie anieleze, polepole, kama unavyomweleza mtu asiyejua. Na kama kuna nyumba nyingine ambamo wawili wanapiga chombo kimoja kwa sababu mmoja hawezi peke yake, niandikieni pia, hata mistari mitatu. Nitamsomea baba, na nitajibu, ingawa nitachelewa.