Dumu la Ushahidi

Jamani, mkitaka kucheka chekeni tu, maana aibu hii nilijitafutia mwenyewe, mchana kweupe, pale Bomani, mbele ya watu wenye suti.

Sisi kina mama wa Matongo tulikuwa tumechoka. Tangu machimbo ya dhahabu yasogee karibu nasi, maji ya kijito chetu yanawasha, watoto wanajikuna hadi damu, na kila tukiomba afisa wa maji aje aone tunaambiwa maji ni safi, rudini nyumbani. Hatimaye tukapewa kikao, nami kwa kiherehere changu nikasema ushahidi nitabeba mimi. Nikateka maji ya kijito kwenye dumu la njano. Dumu la pili, la njano vilevile, nikalijaza togwa ya ulezi ya kunywa njiani (Mkurya aende mjini na njaa, ya nini?), lakini wa bodaboda akagoma, dumu moja tu, basi nikaiacha togwa nyumbani. Nilidhani nimeiacha.

Kikaoni nikamimina kikombe, rangi ya tope ileile ya kijito, nikamsukumia afisa: "Mheshimiwa, si unasema ni safi? Kunywa basi tukuone!"

Akasita, akatazama wenzake, akanywa. Halafu akajilamba midomo.

"Mama, hii ni togwa. Tena tamu. Niongeze."

Watu wakavunjika mbavu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Kilio chetu chote nimekizika kwa kikombe kimoja!

Ndipo mwenyekiti wetu, Mama Bhoke, mkubwa wetu kwa umri, akainuka, hacheki hata kidogo.

"Mura, kijana wangu, umekunywa togwa yetu, sasa wewe ni mgeni wetu. Na mgeni hanywi mlangoni akaondoka. Twende nyumbani."

Vigelegele! Tukamzunguka, tukapanda naye gari lake mwenyewe, mimi na dumu langu mapajani.

Kijitoni Mama Bhoke akateka kikombe kilekile, akampa. Afisa akanusa. Akatazama mikono ya watoto waliotuzunguka, akakirudisha.

"Haya siwezi kunywa."

"Hata sisi!" tukajibu wote kwa pamoja.

Maji yakapimwa upya, na leo tunachota kwenye kisima. Nimeapa kila dumu nalinusa kwanza ndipo nifungue mdomo wangu. Ila wenzangu wakiniita Mama Ushahidi, naitika, tena kwa sauti.