Sauti Nzito ya Baba

Harufu ya pamba iliyolundikwa chumbani bado hunirudishia hofu ya utotoni. Msimu ule wa mavuno, nikiwa na miaka tisa kijijini Shishiyu, kila asubuhi ilinisubiri uani salamu ya baba. Kwetu binti hupiga magoti, huinamisha macho, husema "Mwangaluka, baba," kisha hungoja ajibiwe ndipo ainuke. Baba alikuwa na sauti nzito, ya chini kabisa. Nilisikia vifaranga, njuga za ng'ombe, hata mama akiniita kutoka kisimani. Jibu la baba sikulisikia. Na kwa kuwa adabu ilinikataza kumtazama mdomo, nilikisia. Siku nyingine niliinuka mapema, nikaonekana mwenye kiburi. Siku nyingine nilibaki chini hadi magoti yakafa ganzi.

"Huyu kaota mizizi!" alicheka baba mdogo, mwenye sauti nyembamba. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, mayu!" Mayu ni mama, ndivyo binti huitwa kwetu.

Baba hakucheka. Mama alinieleza baadaye alichoambiwa na baba: "Wewe ukinong'ona anasikia. Ni mimi anayenidharau." Sikuogopa fimbo, niliogopa kunyimwa radhi, kwani tuliambiwa mtoto asiye na radhi ya baba hunyauka kama mche uliokosa mvua. Nililala nikijipapasa mikono, nikichunguza kama nimeanza kukonda.

Mama ndiye aliyeshuku masikio, akatupeleka, mimi na baba, hospitalini Bariadi. Mtaalamu wa masikio alinivisha vipokea sauti vya kichwani, akanipima, kisha akawaeleza wazazi wangu kwamba neva za kusikia zimedhoofika upande wa sauti za chini, zile nzito.

"Atapona?" aliuliza baba. Mara hiyo niliyaona maneno yake mdomoni.

"Zilizopotea hazirudi. Huenda tatizo likatulia hapo miaka mingi. Huenda likapanda hadi sauti za juu, zile nyembamba. Apimwe kila mwaka."

Kesho yake nilipopiga magoti, baba alinishika kidevu, akauinua uso wangu, ndipo akajibu.

Leo nina shahada, nina kifaa sikioni, na siamini tena kwamba mtoto hunyauka kwa laana. Hofu ya utotoni iliondolewa kwa mkono mmoja. Hii ya sasa haina wa kuombwa radhi. Katika kipimo cha mwaka huu, sauti za juu nazo zimeanza kunipotea. Niliporudi nyumbani, binti yangu aliuliza, "Mama, daktari kasemaje?" Nilimsikia vizuri, kila neno. Nikamwomba arudie, niisikie tena sauti yake nyembamba.